Panya Aliyetulia

"Shangazi kafika. Anataka kuonja."

Sauti ya Mkuu wa upelelezi ikakatika kwenye kidude cha sikioni. Chiriku akakamua dekio, akasukuma ndoo.

Shangazi ni jina la fumbo la mnunuzi wa kigeni. Alichokuja kuonja ni maumivu.

Wiki ya tatu sasa Chiriku alijifanya mtu wa usafi katika maabara hiyo ya ubongo. Jina hilo la ndege mwenye kelele wenzake wa upelelezi walimpa kwa kumcheka, maana kutwa nzima hakutoa maneno kumi. Alideki, aliosha vizimba vya panya, alitazama.

Daktari, mama mtu mzima mwenye maabara yake, alikuwa akitafuta dawa ya kuzima maumivu. Ubongo una vipokezi, alizoea kusema, ni kama vitasa vya mlango, na dawa ni ufunguo. Siku moja Naibu wake alikosea kuchanganya, akapata ufunguo unaong'oa mlango mzima. Ukimgusa mtu kwa unyoya, ataona umemchoma msumari wa moto. Ilitoka chupa moja tu, na hata yeye alishindwa kuitengeneza tena.

Akatafuta mteja. Wapo watu wanaopenda kusemesha mahabusu.

Daktari alipogundua, Mkuu alimwomba asiimwage, ni ushahidi. Daktari akaificha kati ya chupa saba za maji ya chumvi, zote sura moja, zina namba tu. Ipi ni ipi alijua mwenyewe.

Saa nne asubuhi. Chiriku akasukuma mlango kwa kiuno.

Mkojo wa panya. Karanga.

Mnunuzi, suti ya kijivu, Rolex mkononi, alikuwa akimenya karanga na kudondosha maganda ndani ya vizimba. Daktari alikuwa amefungwa kitini kwa bandeji, mkono wazi, una alama tatu za sindano.

Chiriku akatua ndoo.

Naibu, aliyeinamia meza yenye chupa zote nane, hakugeuka. Alimwambia adeki haraka atoke, akaendelea kujigamba. Asubuhi kila panya alipigwa sindano ya chupa yenye namba yake, mashine ikapima ananyanyua mguu upesi kiasi gani sahani ikipata moto. Wote sawasawa, isipokuwa wa tano. Huyo hakunyanyua kabisa.

"Katulia kama maji mtungini, haumwi," alisema. "Ya tano tuiache. Zilizobaki tunampa mama hapa, moja moja, mpaka apige kelele."

Mnunuzi alisema vizuri, yeye hanunui mbuzi kwenye gunia.

"Nilikufundisha mimi, mwanangu," Daktari alisema polepole. "Nilikufundisha vibaya."

Chiriku alipiga hesabu. Zikiisha saba bila kelele, hata mjinga ataikumbuka ya tano.

Akawaangalia panya. Saba walikuwa wakinusanusa maganda. Wa tano alijikunyata pembeni, manyoya yamesimama, masikio yamelala nyuma, macho ameyabana kama mtu anayesubiri kofi.

Hakutulia. Aliganda. Kuunyanyua mguu kungemuuma zaidi.

Chiriku akafuta meza kwa kitambaa. Alipofika mwisho, chupa ya tano ilikuwa inamwagika kwenye ndoo ya Jik.

Mnunuzi aliona. Mkono ukaenda kotini.

Bastola ya Chiriku, Walther, ilitoka chini ya matambara, ndani ya mfuko wa nailoni. Ikabweka mara moja.

Bastola ya mnunuzi ikaanguka kwenye maganda. Yeye akashika kiganja kinachovuja damu na kumlilia mama yake kwa lugha ya kwao.

"Naibu. Lala chini. Uso kwenye maji hayo ya deki."

Naibu alilala huku akicheka. Kamwaga maji ya chumvi, alisema, huyu mshamba. Kisha akamwona Daktari ameshusha pumzi ndefu, na kicheko kikamkauka.

"Umejuaje?"

"Nimemwangalia usoni."

"Mashine ilisema—"

"Miaka tisa unakaa na panya, kaka. Hujamwangalia hata mmoja."

Vijana wa Mkuu waliingia na pingu. Daktari alipofunguliwa hakukaa. Alikwenda kizimba cha tano na dawa yake mwenyewe ya kuzima maumivu. Baada ya muda panya akafumbua jicho moja.

Chiriku alivua glavu kwa ncha za vidole, akazitupa kama kitu kilichooza. Hakutaka gari. Alitaka hewa.

Getini kidude kikakoroma sikioni. Mkuu alimpongeza, kisha akauliza ushahidi uko wapi.

Chiriku alitema mate mtaroni.

"Nimeshadeki."

Akakitoa kidude sikioni, akashika njia.