Kipaza Sauti Kilikuwa Wazi

Soko Kuu la Morogoro lilikuwa limefurika asubuhi ile. Kabichi kutoka Mgeta zilishushwa kwa kurushwa mkono hadi mkono, wapagazi waligombania njia na wauza vitenge, na juu ya kelele zote ilipaa sauti moja nzito, tamu kusikiliza:

"Ndugu mwananchi! Chanjo ya korona ni salama, ni bure, na inatolewa hapa hapa sokoni!"

Mwenye sauti alikuwa Alois Mkude, kijana mrefu wa Kihonda, mtangazaji wa magari ya matangazo. Leo alitangaza chanjo, juzi alitangaza dawa ya panya. Alivaa shati la bluu lililonyooshwa likanyooka, na miwani ya jua ingawa mawingu yalikuwa yameshuka kutoka milimani.

Mtu aligonga bati la gari. Alikuwa muuguzi, gauni jeupe, sweta jekundu juu yake, barakoa imeteremshwa kidevuni.

"Kaka, punguza hilo dude lako. Kila nikifungua mdomo kumweleza mtu, unanimeza."

"Dada, mimi nakuitia wateja, wewe unanifukuza?"

"Wateja wako wapi? Hebu angalia meza yangu."

Alois akaishusha miwani, akaangalia. Chini ya turubai palikuwa na boksi la chanjo, kiti kitupu, na mama mmoja aliyesimama mbali akiwa amejiziba pua kwa khanga kana kwamba sindano ingemrukia.

"Na wewe mwenye kelele," muuguzi akauliza, "umeshachanja?"

Angeweza kusema bado. Lakini macho yale yalikuwa yanamcheka na kumpima kwa pamoja, naye akataka yamuone mkubwa.

"Mimi? Siku ya kwanza kabisa."

"Loo! Basi wanaume bado wapo." Akampa kiwiko badala ya mkono, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. "Naitwa Yustina."

Mapenzi yao yalianzia hapo, na yalikwenda mbio. Jioni walikula chipsi na mishikaki kandokando ya barabara, Yustina akiwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomshika kiunoni, Alois akisahau kutafuna. Wakiwa mbali, simu haikupoa.

"Umekula, baba?"

"Nitakulaje na hujaniimbia?"

"Mimi siimbi, mimi nachoma sindano. Nije nikuchome?"

"Nichome kwa macho tu, mpenzi, inatosha."

Yustina alicheka sana kwa hilo. Alois naye alicheka, lakini jasho lilimtoka. Maana ukweli ni kwamba hakuwa amechanja, na alikuwa anaogopa. Kijiweni Kihonda, waendesha bodaboda walikuwa wakisema mwanamume akichomwa kile kitu hazai tena. Alois aliwabishia mdomoni, lakini moyoni maneno yalikaa. Yale aliyoyasoma kwenye kipaza sauti aliyasoma tu, kama alivyosoma ya dawa ya panya. Na kadiri alivyozidi kumpenda Yustina ndivyo alivyozidi kuogopa, kwa sababu sasa alikuwa anawaota watoto, na wote walikuwa na macho ya Yustina.

Siku moja Yustina akampigia kwa furaha. "Tunapanda milimani Jumapili kuchanja watu, kijijini kwetu. Nimewaomba wakubwa wangu wa kazi wakupe wewe kazi ya kutangaza. Mama anataka kukuona."

"Mkwe wangu ananipenda kabla hajaniona?"

"Anaisikia sauti yako kwenye simu, anasema mwenye sauti hiyo hawezi kuwa muongo. Alois, nisaidie. Mama ana pumu, na amekataa chanjo katakata. Mimi ananiona mtoto. Wewe atakusikiliza."

Jumapili ile walipanda Uluguru kwa gari, barabara ikiwa utelezi mtupu, mashamba ya njegere na karoti yakiwa yamening'inia kwenye miteremko. Watu walikuwa wametoka misa, wakajaa kwenye uwanja wa misheni, akina mama na khanga za Jumapili, wazee na makoti mazito. Mama yake Yustina, Scholastika, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayepumua kwa mluzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe na sura unayo."

Alois alitangaza siku ile kuliko siku zote. Watu wakasogea, wakasikiliza, wengine wakaanza kukunja mikono ya mashati. Ndipo mama Scholastika akanyanyuka.

"Mwanangu, nimekusikia. Nijibu moja tu. Wewe umechanja?"

"Nimechanja, mama."

"Na hujadhurika?"

"Si unaniona?"

Watu wakacheka kwa wema. Yustina uso ulimng'aa. "Tena waliochanja mapema wanaruhusiwa sasa kuongeza dozi," akasema. "Njoo Alois, kaa hapa. Wakuone wewe, halafu mama."

Angeweza kujiokoa. Angechomwa, na dunia nzima isingejua kwamba ile ilikuwa ya kwanza. Aliliona hilo waziwazi, akakaa kwenye kiti, kipaza sauti mkononi, mkono mwingine wazi. Yustina akampangusa kwa pamba, akamkonyeza. Sindano ikasogea. Mwili wa Alois ukakataa. Akamdaka Yustina kifundo cha mkono.

"Usinichome," akanong'ona. "Yustina, usinichome. Sijawahi kuchanja. Naogopa kutozaa."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mnong'ono wake ulipiga kwenye ukuta wa kanisa, ukarudi.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Kilipoisha, watu wakaanza kuondoka, wakishusha mikono ya mashati yao. Mama Scholastika hakucheka. Aliurudisha ndani ya khanga mkono aliokwisha kuunyoosha, akamtazama binti yake kwa huruma, akaenda zake.

"Mbele ya mama yangu," Yustina alisema. Hakupaza sauti. "Mbele ya watu walionilea."

"Nilitaka…"

"Woga ningeuelewa, Alois. Kila siku nakaa na waoga, nawashika mikono. Ungeniambia."

Yustina alirudi mjini na gari jingine. Tangu hapo simu yake iliita bila kupokelewa, mwishowe haikuita kabisa.

Alois alijaribu kuendelea na kazi akashindwa. Kila alipokishika kipaza sauti, shingo iliwaka moto na maneno yakamkauka. Vijana wa Kihonda walipata habari, wakawa wanamwigiza: "Usinichome, Yustina!" Alivuka barabara kuwakwepa. Hata kioo cha kunyolea alikigeuza ukutani.

Baridi ilipokolea milimani, habari ikamfikia kwamba mama Scholastika ameshushwa hospitalini, korona imemshika, yupo kwenye oksijeni. Alois alifika getini, akamwona Yustina kwa mbali amekaa kwenye benchi, kichwa mikononi. Hakuthubutu kumsogelea. Aligeuka, akaenda kituo kingine cha afya ambako hakuna aliyemjua, akakunja shati, akafumba macho. Muuguzi akamshika bega. Akachomwa.

Mama alipona, lakini kifua hakikurudi kama zamani. Aliporudishwa kijijini, Alois alipanda milimani peke yake, bila gari wala kipaza sauti. Alienda nyumba kwa nyumba.

"Mimi ndiye niliyewadanganya uwanjani," alisema kila mlangoni. "Nilikuwa naogopa, na bado naogopa kidogo. Lakini nimechanja. Kama humu ndani yupo mwenye pumu kama mama Scholastika, asinisikilize mimi. Amuulize mama Scholastika."

Wengine walimfungia mlango. Mzee mmoja alimtemea mate miguuni. Wachache walimpa kigoda, wakamuuliza maswali, naye yale asiyoyajua alisema hayajui.

Nyumba ya Scholastika aliiacha ya mwisho. Mama alikuwa kitandani.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba." Alipumua kwanza, ndipo akaendelea. "Muongo wewe."

"Ndiyo, mama."

"Yustina yupo jikoni. Nenda akakutukane, maana kwangu mimi pumzi haitoshi."

Jikoni moshi ulikuwa umejaa. Yustina alikuwa anachochea kuni, amefunga khanga iliyopauka, amekonda. Hakumtazama.

"Nimesikia unazunguka. Kijiji kizima kinakusema."

"Wana haki."

"Ningemchanja mama siku ile, Alois. Alikuwa ameshanyoosha mkono."

Alois akachuchumaa upande wa pili wa mafiga, macho chini, machozi yakimtoka, wala hakusingizia moshi.

"Nakupenda," akasema mwishowe. "Najua sistahili kusema hivyo hapa."

Uji ukachemka, Yustina akautoa motoni.

"Ukitaka neno langu, mtume mshenga kwa mjomba wangu. Kwetu ndiye mwenye kauli. Atakuuliza yote, na utamweleza yote, hata yale ya uwanjani."

"Nitamweleza."

"Na usidhani hasira imeniisha. Naweza kuolewa nawe nikiwa nayo."

Chumbani mama alianza kukohoa, kikohozi kirefu kisichokatika. Wote wawili wakainuka kwa pamoja, Yustina na bakuli la uji, Alois na maji, wakainama kupita kwenye mlango mdogo.