Ziara ya Dakika Arobaini

Ilianza kwa harufu. Udi ulifukiza chumba cha malipo cha kliniki ya Daktari Habib, pale Kibarani, saa tano asubuhi, na hakuna aliyewasha chetezo. Linet, karani, akafungua dirisha akaendelea kudanganya.

Kazi yake ndiyo hiyo. Bima ilikuwa na namba mbili za kumwona daktari: ziara fupi, dakika tano, na ziara ndefu, dakika arobaini, ya mgonjwa aliye taabani, yenye malipo makubwa. Habib hakumaliza dakika tano na mtu, ila zote zilitakiwa ziandikwe ndefu.

"Zifanane," alimwambia. "Namba zikirukaruka, bima watauliza."

Hata mamake mzazi, Zipporah, alipokuja kupimwa presha, Linet alimwandikia ndefu, asije akaulizwa. Uoga wa kijinga, nao ndio uliomponza.

Mzee Masha alikuja kwa fangasi za vidole. Kesho yake akarudishwa amebebwa, akilia kwamba kuna mtu amemkalia kifuani. Linet akasikia ukutani sauti ya mwanamke ikihesabu dakika, taratibu. Ilipofika arobaini, mzee akakata roho. Kisha Caroline, aliyekuja kwa mafua: arobaini. Kisha Lewa. Linet akafungua orodha. Walikuwa wakifa kwa mpangilio aliowaandika, na jina la nne lilikuwa la mamake.

Akampigia Sheikh Farjallah wa Malindi, mtoa majini.

"Shikamoo, Sheikh," akanong'ona. "Kuna kitu humu. Chahesabu dakika nilizoandika."

"Marahaba, mwanangu. Uliandika kweli?"

"La."

"Basi huyo jini autimiza uwongo wako. Andika kweli, ataondoka."

Hajaweka simu chini, tuktuk ikafunga breki mlangoni, na ndani yake alikuwa mamake, ndala moja mguuni, macho yamegeuka, na dereva akipiga kelele kwamba hospitali kubwa ni mwendo wa dakika kumi tu, panda twende, lakini Linet hakupanda, alirudi mbio kwenye kompyuta, udi ukimkaba koo, sauti ikisema moja, ikisema mbili, akalitafuta jina, akafuta arobaini, akaandika ile kweli yenyewe, tano, akabonyeza.

"Nne," ikasema sauti. "Tano."

Jini alikuwa ameshampanda mama. Ukweli ulipunguza muda tu. Zipporah alikufa mlangoni, injini ya tuktuk bado inanguruma.

Baada ya mazishi Linet alisahihisha orodha nzima, na udi ukakatika. Sheikh hakukosea. Siku ya tatu Habib akaingia na karatasi mkononi.

"Pole kwa msiba, Linet. Lakini mbona zote umezifanya fupi? Zirudishe ndefu. Zifanane!"

Linet alimtazama. Alimchukia mpaka meno yakamuuma.

"Sawa, Daktari. Wewe mwenyewe hujawahi kuandikwa humu, sivyo? Nisomee namba ya kadi yako ya bima."

Habib akacheka, akaitoa mfukoni, akamsomea tarakimu moja moja, Linet akiziingiza kwenye ziara ndefu. Alipofika ya mwisho akanyanyua pua.

"Nani kachoma udi?"