Mstari wa Pili

Ilianza na ndoo ya taka. Asubuhi moja Chapchap, mpimaji damu wa chumba cha utafiti wa homa ya ini, aliinua kifuniko cha ndoo ya vipimo vilivyotumika, akakuta vya jana yake vyote vimelala chali, vimepangwa safu kwa safu kama vigae vya sakafu. Kila kimoja kilikuwa na mistari miwili.

Jana yeye alikuwa amesoma mstari mmoja tu kwa kila kimoja.

Habari za majini mimi nazijua kuliko majini wenyewe, lakini kwanza niwaeleze hicho kipimo, maana bila hivyo hamtaogopa vizuri. Homa hii ya ini inatokana na virusi, na hukaa mwilini kimya kwa miaka. Mtu anakula, anacheka, anacheza ngoma, kumbe ini linatafunwa polepole. Mama mjamzito akiwa nayo anaweza kumpa mwanawe siku ya kujifungua. Ndiyo maana watafiti walifungua kile chumba: kila mjamzito apimwe, anayehitaji vidonge avipate mapema, na mtoto achomwe chanjo kabla siku yake ya kwanza duniani haijaisha. Kipimo chenyewe ni kijiti cha plastiki. Unadondosha tone la damu, unangoja dakika kumi na tano. Mstari mmoja, huna. Miwili, unayo. Hata mimi niliyetoka shule kupitia dirishani nimeelewa.

Chapchap naye alielewa, ila subira hakuwa nayo, na jina alipewa kwa hilo. Dakika nne tu anachungulia, anaandika "hana", anaita mwingine. "Macho yangu yana mbio kuliko saa," alikuwa akijigamba, na chumba kizima kikicheka. Sasa mistari mingine, jamani, ni mivivu. Inakuja dakika ya kumi, ya kumi na mbili, myembamba kama uzi. Yote hiyo ilikuwa inajitokeza ndani ya ndoo, gizani, pasipo wa kuisoma.

Sista, muuguzi mkuu wa chumba, alimwona ameduwaa.

"Vipi wewe, umekuta nyoka humo?"

"Njoo uone."

Sista akainama. "Ah. Kipimo kikilala huchora chochote, ndiyo maana tunakisoma kwa wakati wake." Akazitazama zile safu. "Ila nani kavipanga?"

Chapchap akafunika ndoo. Wiki hiyo hiyo ilikuwa imewafikia habari ya mama mmoja fundi cherehani, mmoja wa waliopimwa hapo mwaka uliopita. Aliambiwa hana, akajifungua, mtoto hakuchanjwa. Miezi minne baadaye macho ya huyo mama yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, akafa. Chapchap alikuwa amefungua daftari kwa siri, akaona "hana", akaona mwandiko ni wake, akalifunga. Hakumwambia mtu.

Saa sita mchana, jua liko utosini, akasikia cherehani ukutani. Ya miguu, ile ya zamani, inashona taratibu, inapumzika, inashona tena. Ikafuata harufu ya mafuta ya mashine na ya kitambaa kilichobabuliwa na pasi. Upande wa pili wa ukuta ule hakuna chumba. Kuna hewa tu.

"Sista, unasikia?" alinong'ona.

"Nasikia tumbo lako. Nenda ukale."

Akaenda nyumbani, na hakwenda kwa kutembea. Mke wake alikuwa sebuleni, mimba ya miezi minane na nusu, anatabasamu.

"Mume wangu, mbona hukuniambia umemtuma fundi?"

"Fundi gani?"

"Yule mama mwembamba. Si mmepishana hapo mlangoni? Kanipima kiuno, kanipima mabega. Halafu akampima mtoto."

"Mtoto gani, na mtoto yuko tumboni?"

"Hata mimi nilicheka! Kaweka futi yake hapa juu ya tumbo, akasema urefu ameupata, siku akizaliwa nguo itakuwa tayari. Nyeupe. Nikamwambia mbona nyeupe, mtoto ataichafua. Akasema hataichafua." Tabasamu likamtoka taratibu. "Macho yake tu ndiyo yaliniudhi. Manjano, kama kiini cha yai. Ni nani yule?"

Mkewe naye alikuwa amepimwa chumbani pale. Na mpimaji wake alikuwa ni nani?

Jioni ile akaletwa mganga, mzee mwenye sifa ya kutoa majini yaliyoshinda waganga saba. Aliingia na mkoba wake, akanusa hewa ya sebuleni mara mbili, akaufunga mkoba kabla hajatoa kitu.

"Huyu simtoi."

"Kwa nini, babu? Sema unachotaka."

"Sitaki chako. Huyu ameitwa na mwenye haki. Nikimgusa, kesho atakuwa amekaa kwangu." Alikuwa tayari anavaa viatu. "Anataka mtoto kwa mtoto. Mpime mkeo upya, bwana mdogo. Na mara hii usiwahi kuondoa macho."

Asubuhi akampima, wakiwa wawili tu, mlango umefungwa. Tone likaingia kwenye kijiti, saa ikaanza kuhesabu. Dakika ya nne mstari ulikuwa mmoja, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye kalamu, ndipo kitu laini, chembamba, cha baridi kikamzunguka shingo, akakitambua kwa tarakimu zilizopita chini ya kidevu chake kuwa ni futi ya fundi, na mtu aliye nyuma yake akaivuta kidogo, si kwa kumnyonga, kwa kumshikilia tu kichwa kielekee kwenye kijiti, akaanza kumpumulia sikioni pumzi yenye harufu ya ini bichi lililosahauliwa juani, na huko ukutani cherehani ikaanza kukimbia, ikikimbia zaidi kila dakika, ya sita, ya nane, ya tisa, na mkewe, aliyekaa mbele yake umbali wa mkono mmoja, anamtazama na kumuuliza mbona unalia, haoni kitu, hasikii kitu, wakati yeye hata kope hathubutu kuifunga, mpaka dakika ya kumi na mbili ukaja uzi, mwekundu, hafifu, ukajichora pembeni ya mwenzake polepole kama unashonwa.

Miwili.

Futi ikalegea. Cherehani ikanyamaza.

Alimwambia mkewe, akampigia magoti Sista, akasema yote. Sista hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha. "Mkeo nakaa naye mimi mpaka ajifungue," alisema. "Chanjo iko tayari. Wewe potelea mbali." Wanawake sitini na mmoja wakaitwa upya, na watano kati yao wakatoka na mistari miwili. Lakini kila mchana yule mama mwembamba alionekana dirishani, ana kitu cheupe mkononi, anapinda ncha za kitambaa. Siku uchungu ulipoanza, Chapchap akakimbilia mlango pekee uliobaki, wa mama mzazi wa yule fundi marehemu.

Chumba kimoja, dirisha moja lenye nondo. Bibi amekaa kwenye kigoda, mjukuu amelala mapajani.

"Shikamoo, mama."

Bibi aliendelea kumpepea mtoto.

"Mimi ndiye niliyempima mwanao."

"Nakujua. Huyu naye tulimpima juzi. Ana miwili." Alimpangusa mtoto jasho la shingoni. "Mwanangu kalala kwa amani, hana habari na wewe. Anayekufuata nilimwita mimi."

"Basi mrudishe, mama! Sikuombi kwa ajili yangu. Namwombea mtoto, mtoto tu. Mimi hata nikifa."

"Mara ya kwanza unaomba kitu bila haraka." Bibi akamtazama vizuri. "Jina lake silijui. Nililia tu, siku na siku, nikasema anayenisikia na asikie. Kumbe kuna aliyekuwa anasikiliza."

Simu ya Chapchap ikalia, sauti yake kubwa hata bibi akasikia. Sista.

"Amejifungua. Msichana, mzima, na sindano kashapata, nimemchoma mwenyewe." Sauti ikashuka. "Sasa kuna mama hapa kamchukua mtoto, anasema ni bibi yake. Macho yake siyapendi. Kamviringisha kwenye kitambaa cheupe, na mlango wa wodi haufunguki. Huyu ni mama yako?"

Chapchap akaishika simu kwa mikono miwili. Mama yake yeye alikufa zamani. Bibi alinyoosha mkono, akaichukua simu, na machozi yakaanza kumtiririka. Yalikuwa ya nini, hakusema. Labda aliona wivu kwamba kichanga huyu kachomwa sindano kwa wakati, na mjukuu wake hakuchomwa.

"Mpelekee simu sikioni," alimwambia Sista. Kisha akasema na yule mwingine, taratibu, kama mtu anayesema na jirani: "Mpe mama yake. Mimi mwenyewe nasema. Mpe."

Halafu sauti ya Sista, inatetemeka. "Kampa. Mtoto mzima. Huyo mama katoka, amepita... sijui kapita wapi, mlango bado umefungwa. Kasema anakuja huko mlipo."

Chapchap alilia kwa furaha, akaibusu ile mikono ya bibi. Bibi aliiondoa, akambeba mjukuu begani, akasukuma kigoda kwa mguu mpaka katikati ya chumba, akatoka nje. Komeo likasikika upande wa pili.

"Mama? Mama, umenifungia! Na mimi je?"

"Wewe hukujiombea," bibi alijibu, tayari anaondoka.