Bi Birika Mbele ya Mama Mkwe

— Uwiii! Sukari yangu! Nani atanilipa punje zangu?

Sauti ilimtoka Kasuku mwenyewe. Kibakuli kilipinduka kwenye sinia, sukari ikamwagika hadi kwenye zulia, na mdomo ukaropoka kwa mazoea ya miaka mitatu. Mama mkwe mtarajiwa akashusha kikombe taratibu.

— Kumbe ni wewe!

Watu walimwita Kasuku, kwa kuwa hakuna sauti iliyomshinda kuiga. Redioni ndiye Bi Birika, mwanamke wa milimani mwenye mkono wa birika, anayehesabu punje za sukari kabla hajamkaribisha mgeni. Kila Alhamisi jioni mji mzima ulivunjika mbavu kwa ajili yake. Na mama huyu aliyeketi sebuleni alikuwa ameshuka asubuhi hiyo kutoka milimani hukohuko, kuja kumwona mchumba wa mwanawe.

Mwana mwenyewe, fundi wa mafriji, alikuwa amepiga magoti anaokota sukari kwa vidole ili asimtazame mtu.

— Mama, ni mchezo wa kuigiza tu.

— Nyamaza wewe! Uliniambia anasoma matangazo ya sabuni.

— Na ya sabuni anasoma.

Kasuku alichanganyikiwa kabisa.

— Shikamoo, mama.

— Umeshaniamkia. Sasa nisikilize. Sokoni nikiomba nipunguziwe bei, naitwa Bi Birika. Mjukuu wangu shuleni anaitwa Bi Birika. Nikimpa mgeni chai ananiuliza kama nimeshahesabu punje!

— Nisamehe, mama.

— Bahili wapo. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni bahili, hata salamu anakupa nusu. Lakini mbona kwenye mchezo wenu milima mizima ina mtu mmoja tu?

Miaka mitatu Kasuku amewachekesha watu, na swali hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Mama akajitanda mtandio, akasimama mlangoni.

— Siwezi kucheza kwenye harusi ya mtu anayenicheka. Baraka zangu msizingoje.

Kesho yake ukaingia ujumbe wa Fundi: "Kosa ni langu, niliogopa kumwambia. Nakupenda. Lakini mama alinilea peke yake, siwezi kuoa huku amenigeuzia mgongo."

Kasuku akajibu: "Usioe bila mama. Nitumie namba yake."

Alipiga mara nne. Ya tano ikapokelewa.

— Nani mwenzangu?

— Ni mimi, mama. Kasuku.

— Kasuku yupi? Una sauti nyingi wewe.

— Mama, naomba unisimulie watu wa kwenu. Wote, si bahili peke yake.

Mama akahoji:

— Una salio la kutosha?

Basi mama akafunguka. Alianza na dada yake, anayegawa vitu hovyo mpaka mumewe analala amekumbatia viatu vyake. Akaja kwa mkunga mwenye miaka sitini anayewashinda mbio wajukuu zake. Akamaliza na mzee mmoja mkimya, anayemwandikia mkewe barua kila Ijumaa ingawa wanalala chumba kimoja. Kasuku aliandika mpaka vidole vikafa ganzi, huku akicheka peke yake.

Mtayarishaji wa mchezo hakucheka. Alipitia kurasa zile akivuta pumzi.

— Umerogwa? Wasikilizaji wanamtaka Bi Birika.

— Yupo. Sasa ana majirani.

— Na wasipocheka?

— Nitaondoka mwenyewe, hutanifukuza.

Alhamisi ilipofika, Kasuku alijikunyata kwenye karakana ya Fundi, katikati ya mafriji yaliyofunguliwa matumbo, redio ikiwa juu ya mojawapo. Mchezo ulikuwa umerekodiwa tayari, hakuna cha kurekebisha. Yule dada wa kwenye mchezo alipotoa zawadi godoro ambalo mumewe alikuwa bado amelilalia, kinyozi wa jirani alicheka mpaka akazima mashine, na mteja wake akatoka nje nusu ya kichwa ikiwa haijanyolewa, kusikiliza vizuri.

Simu ya Fundi ikalia. Mama. Fundi akaweka sauti kubwa.

— Mama, umesikia?

— Nimesikia! Nyumba imejaa hapa. Dada yangu anaapa godoro hajawahi kuligawa, ila amesema ni wazo zuri. Shemeji amenuna, anauliza mbona yeye hakutajwa.

— Nitamtaja wiki ijayo, Kasuku akadakia.

— Mtaje kwa ufupi. Yeye mwenyewe hapendi matumizi makubwa.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kasuku akajikaza, maana kicheko si baraka.

— Mama, na harusi yetu je?

— Tafuteni tarehe. Nitacheza mpaka goti ligome. Ila nina sharti. Siku ile uliniigizia mkwe mwema, sukari ilipomwagika ukaniigiza mimi. Sauti yako sijaisikia bado. Hebu sema neno.

Kasuku akafungua mdomo. Sauti zote alizokuwa nazo zikamkimbia, akabaki analia kwa kwikwi. Fundi akamkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika simu.

— Mama, hawezi kusema. Analia.

— Namsikia, mama akajibu, na sauti yake pia ilikuwa inatetemeka. Hiyo sasa ndiyo sauti yako. Karibu nyumbani, mwanangu.