Ua la Nta la Bi Mkubwa

Kila asubuhi, sauti ya kwanza katika nyumba ile ilikuwa ya cherehani. Fundi aliamka, akafagia, akachemsha chai, kisha akaketi mbele ya dirisha la sebuleni na kuanza kushona. Sebule ilikuwa na dirisha moja tu, lakini kubwa. Mwanga wake ulimtosha kutunga uzi bila kukunja uso. Kwa hiyo cherehani ilikaa pale, na hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Watu wote wa jengo lile walimwita Fundi. Hata mumewe alimwita hivyo. Akiwa na njaa tu ndipo alipomwita "mke wangu".

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alisafiri, akarudi, akalala, akasafiri tena. Waliishi wawili kwa utulivu, mpaka mama yake Dereva alipoteleza bafuni kwake na kuumia nyonga.

Mama huyo wote walimwita Bi Mkubwa. Alikuwa akikaa peke yake katika nyumba yenye kibaraza. Alipotoka hospitali alitembea kwa fimbo, tena polepole. Dereva akasema mama hawezi tena kukaa peke yake. Fundi akakubali kwa moyo mweupe. Vitu vya nyumba ile vikagawanywa kwa ndugu na majirani. Bi Mkubwa akaja na sanduku la nguo na ua moja.

Lilikuwa ua la nta. Huitwa hivyo kwa sababu majani yake ni mazito na yanang'aa, kana kwamba mtu ameyapaka nta. Mashina yake ni membamba na marefu, nayo huning'inia kutoka kwenye chungu. Likichanua hutoa vishada vya maua madogo yenye umbo la nyota, na jioni hunukia vizuri. Bi Mkubwa alilipanda mwaka alioolewa. Mume alifariki, watoto wakaoa na kuolewa, ua likabaki.

Fundi alitaka kumfurahisha mama mkwe wake. Akanunua chungu kikubwa cha kauri, cheupe, chenye michoro ya buluu. Akakijaza udongo mweusi wa bustani, akalihamishia ua humo. Akakining'iniza ukumbini, karibu na mlango wa chumba cha Bi Mkubwa, ili alione kila anapotoka. Ukumbini hapakuwa na dirisha. Fundi hakufikiria hilo. Alifikiria uzuri.

Bi Mkubwa alishukuru, akasema chungu ni kizuri sana.

Baada ya muda majani yakaanza kubadilika. Moja likawa la njano, likaanguka. Mengine yakalegea na kupata makunyanzi kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini. Fundi akaona hiyo ni kiu. Basi kila alfajiri, kabla Bi Mkubwa hajaamka, alilimwagilia maji. Kadiri lilivyolegea, ndivyo alivyozidisha.

Bi Mkubwa naye alinyamaza. Siku nyingi alikaa chumbani kwake mlango ukiwa umefungwa. Alikula kidogo. Fundi akimuuliza anaumwa wapi, alijibu kwamba haumwi popote.

Jioni moja Dereva alikuwa nyumbani. Mama yake alimwita chumbani. Fundi alikuwa jikoni, na kuta za nyumba ile hazikuweza kuficha siri.

"Nipeleke kwa dada yako," alisema Bi Mkubwa. "Simlaumu mkeo. Lakini kitu changu kimoja nilichokuja nacho kinakufa mlangoni kwangu. Huenda mimi na ua langu tumechukua nafasi ya watu hapa."

Fundi aliacha mwiko sufuriani. Maneno yale yalimchoma kuliko sindano. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba amefanya kila analojua. Dereva alijua ni kweli. Akampigia simu dada yake, naye akasema atakuja kumchukua mama mwisho wa mwezi.

Kabla mwezi haujaisha, alikuja jirani wa ghorofa ya juu. Huyu aliitwa Mwalimu. Alifundisha kilimo shuleni mpaka alipostaafu, na roshani yake ilijaa mimea hadi wageni walipita upande upande. Alikuja kupunguziwa sketi kiunoni. Alipoomba kunawa mikono, akapita ukumbini, akasimama.

Alilitazama lile ua. Akachomeka kidole kwenye udongo. Kidole kikatoka na tope. Akakinusa, akakunja pua.

"Nani analimwagilia?" aliuliza.

Fundi akasema ni yeye, kila asubuhi, wala hajasahau hata mara moja. Mlango wa chumba ukafunguka. Bi Mkubwa akasimama pale na fimbo yake. Akasema kwamba yeye pia humimina kikombe kila mchana Fundi akiwa na wateja, kwa kuwa alidhani hakuna mwingine anayelijali. Kule kibarazani hakulimwagilia kila siku, lakini hapa aliliona limenyong'onyea.

Dereva alikuwa sebuleni, taulo shingoni. Akakohoa. Akasema kwamba yeye, akiwepo, hulimwagia maji yanayobaki kwenye glasi yake ya usiku. Alilionea huruma.

Wote wakatazamana.

"Basi halikusahaulika," Mwalimu alisema. "Limezamishwa."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bi Mkubwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu ahamie hakuwa amecheka hivyo, na Fundi alipomwona, machozi yakamtoka pamoja na kicheko.

Lakini Fundi hakuelewa jambo moja. Kama maji yalikuwa mengi, kwa nini majani yalikunjamana kama yana kiu?

Mwalimu akaeleza. Majani ya ua hili ni mazito kwa sababu yanahifadhi maji ndani. Kwa hiyo halihitaji kunyweshwa mara kwa mara. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikaa kwenye tope inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa. Ua linaona kiu huku limesimama majini. Mtu anaona makunyanzi, anaongeza maji, na ndivyo anavyolimaliza.

Wakalishusha sakafuni, wakaling'oa juu ya gazeti. Chungu kile kizuri hakikuwa na tundu hata moja chini. Maji yalikuwa yametuama humo na kunuka. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama uji. Bi Mkubwa aligeuza uso.

Mwalimu hakukata tamaa. Alipapasa mashina moja moja. Kwenye ncha, baadhi yalikuwa bado magumu na ya kijani. Akamwomba Fundi mkasi safi. Wakakata vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, kwa kuwa mizizi mipya hutokea kwenye vifundo. Wakaondoa majani ya chini. Penye jeraha pakatoka utomvu mweupe kama maziwa. Mwalimu akawaonya wasiuguse kisha wakajifikicha macho, na akavilaza vipande mpaka utomvu ukakauka.

Udongo mweusi haukutumika tena peke yake. Walichukua kidogo tu, wakachanganya na mchanga mnene na vipande vya mkaa, ili maji yapite upesi. Dereva akatoboa matundu chini ya makopo madogo. Alitaka kuleta ndoo ili ua lipate nafasi, lakini Mwalimu akamzuia. Ua la nta hupenda kubanwa. Udongo ukizidi mizizi, unakaa na unyevu bure. Wakavipanda vipande kwenye makopo.

Likabaki suala la mahali. Mwalimu akasema linataka mwanga mwingi, ila si jua kali la moja kwa moja, maana hilo huunguza majani. Wote wakageuka kutazama dirisha. Kisha wakatazama cherehani.

Fundi akainuka mwenyewe. Akaisukuma cherehani yake pembeni kidogo.

"Pigilia msumari pale juu wa kutundikia makopo, mume wangu," alisema. "Na kiti cha Mama kije hapa. Hawezi kulitunza akiwa kule ndani."

Mwalimu alisisitiza kwamba mwenye kumwagilia awe mtu mmoja tu. Kazi ikawa ya Bi Mkubwa. Kila alipotaka kumimina, kwanza alichomeka kidole. Udongo ukiwa na unyevu, aliacha. Ukiwa mkavu, alimwagilia mpaka maji yakatoka chini, kisha akayamwaga yaliyotuama kwenye kisahani cha chini.

Wiki zikapita bila lolote kuonekana. Kipande kimoja kikaoza, wakakitupa. Fundi alitamani kung'oa vingine achungulie mizizi, Bi Mkubwa akamkataza. Siku nyingine waliona vidudu vyeupe kama pamba chini ya majani. Bi Mkubwa akavifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Kukaa dirishani kulimbadilisha Bi Mkubwa. Alianza kwa kutazama. Kisha akaanza kushona vifungo. Kisha akaanza kukosoa mapindo ya Fundi, na mara nyingi alikuwa sahihi. Wateja walimsalimia, wakakaa kupiga soga hata nguo zao zikiwa tayari. Akaanza kumaliza sahani yake.

Wifi yake Fundi alicheleweshwa na kazi zake, mwisho wa mwezi ukapita. Hatimaye alifika na gari kumchukua mama. Alimkuta dirishani, shati la mtu mapajani, uzi mdomoni. Bi Mkubwa akamwomba asubiri amalize kifungo. Alipomaliza, akamwonyesha makopo. Kwenye kila kopo ncha mpya ilikuwa imechomoza, nyembamba, yenye rangi ya udongo mwekundu.

"Mimi nina kazi hapa, mwanangu," alisema. "Utaondoka na hiki."

Akamkabidhi kopo moja, akamweleza habari ya mwanga, ya kidole na ya udongo. Akamwambia amwagilie yeye tu, na mumewe asiliguse hata kwa huruma. Wifi alimtazama mama yake, akamtazama Fundi, kisha akalipokea kopo kwa mikono miwili.

Maua hayakuja mwaka ule. Mwaka uliofuata mashina yalikuwa yamefika chini ya dirisha, na jioni moja harufu tamu ikaingia sebuleni. Fundi akasimamisha cherehani. Kishada kimoja cha nyota nyeupe kilikuwa kimefunguka juu ya kiti cha Bi Mkubwa.

Kilikaa kwa siku kadhaa, kisha maua yakanyauka na kuanguka. Kikabaki kijiti kitupu. Fundi akachukua mkasi apasafishe.

"Acha hicho, mwanangu," Bi Mkubwa alisema bila kuinua macho kwenye kifungo chake. "Maua mengine hutoka papo hapo."

Fundi akaurudisha mkasi mezani, akaendelea kushona.