Mtungi wa Korongo la Miyuji

Asubuhi ya kwanza mtungi ulizidi ratli mbili. Shiraz akadhani mizani ya dukani imeharibika.

Mwaka huo, 1957, alikuwa amerudi Dodoma likizo kutoka chuo cha Nairobi alikosomea uhandisi. Alikuwa ameanguka somo moja, lile la joto na mvuke, na akianguka tena mwezi ujao, basi, chuo kimekwisha. Ndiyo maana alijifunza kwa vitendo: anajaza mtungi, anaupima kila saa, aone maji kiasi gani yanapenya udongo na kupotea hewani. Katika ukavu ule mtungi ulipaswa kupungua. Huu uliongezeka.

Siku ya pili, ratli tatu zaidi. Siku hiyohiyo mama yake, Sakarbai, mjane mwenye duka, alishindwa kuinuka kitandani. Midomo ilimpasuka. Daktari aliagiza anywe maji mengi. Akanywa ndoo nzima, ulimi ukabaki mkavu.

Anyesi, aliyemlea Shiraz tangu uchanga, alisimama mlangoni bila kuingia.

"Shiraz, baba," alinong'ona, "mtungi huu umeutoa wapi?"

"Korongoni, Miyuji. Ulikuwa umefukiwa kifudifudi, jiwe juu yake."

"Aliyeufukia hakuwa mjinga."

Siku ya tatu mtungi ulizidi ratli nne nyingine. Adhuhuri, Shiraz alimbeba mama yake hadi kwenye mizani ya magunia, ambako wiki iliyopita walipimana kwa mzaha. Alikuwa amepungua ratli tisa. Mbili, tatu, nne: tisa. Akarudia hesabu hiyo, na alipokuwa akiirudia akasikia kutoka mtungini mlio wa koo linalomeza, taratibu, gudu, gudu, na harufu ya vumbi lililonyeshewa ikajaa nyumba nzima ilhali nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na wingu hata moja.

Anyesi alikimbia kumwita Maalim Hassani. Maalim alisoma dua kwa muda mrefu, jasho likimtiririka, wala hakuugusa mtungi.

"Ni jini wa kiu," alisema kwa sauti ya chini. "Usiuvunje. Maji yakimwagika, mama yako amekwenda nayo. Urudishe ulikoutoa, uufukie."

"Na mama?"

Maalim akarudi kusoma.

"Maji ni yake, Maalim. Yalitoka kwake. Nitamrudishia."

"Hayamo peke yake humo, kijana."

Lakini Sakarbai alikuwa ameanza kukoroma, macho yamezama, na Shiraz hakuona njia nyingine. Akachota kikombe, akamnywesha. Kikombe cha pili aliomba mwenyewe, cha tatu akakipokonya, kisha akaukumbatia mtungi kwa mikono iliyokuwa haiwezi kuinua kijiko na kunywa bila kuvuta pumzi, mpaka ukalia mtupu. Mipasuko ya midomo ikafunga. Mashavu yakajaa.

"Mwanangu," akasema, akitabasamu. "Njoo."

Shiraz akaanguka kifuani pake akilia. Machozi yakakatika ghafla. Shati lililolowa jasho likamkaukia mgongoni, likakakamaa. Alitaka kumwita Anyesi, ulimi ukagandamana na kaakaa. Nyuma yake alisikia Maalim akisoma kwa nguvu, na miguu ya Anyesi ikirudi kinyumenyume.

"Bado nina kiu," mama yake akamnong'oneza sikioni, wala hakumwachia.