Mwaija Binti Nani

Mbuzi wa Bi Maulida alikutwa amekufa kivulini, na aliyemkuta ni Sihaba, jirani yake, ambaye kila adhuhuri alikuwa na kawaida ya kumpelekea machicha ya nazi akishauza vitumbua vyake na kuosha masufuria. Alidhani amelala. Alipomsukuma kidogo kwa mguu, kichwa kikageukia upande ambao kichwa cha mbuzi hakigeukii, mdomo ukafunguka, na ndani hamkuwa na ulimi. Damu haikumtisha sana, ameshachinja kuku wengi huyo. Kilichomfanya aweke bakuli chini ni harufu. Mbuzi yule alikuwa ananukia marashi ya waridi.

"Jamani Mwaija wangu," alilia Bi Maulida. Alimpa mbuzi wake jina hilo baada ya kugombana na shoga yake wa siku nyingi, ili apate wa kumfokea kila asubuhi bila kujibiwa. "Nani kanifanyia hivi?"

"Itakuwa mbwa, Bi Maulida," Sihaba alisema, na huku akijua fika kwamba mbwa hajipaki marashi.

Kesho yake, wanaume wakitoka kuswali adhuhuri, ikawa zamu ya Ashrafu wa bajaji. Kwenye kioo cha nyuma kijana huyo alikuwa ameandika MWAIJA, jina la mama yake, na pale kijiweni mtaani Dunda dereva huitwa kwa maandishi ya chombo chake, hata wenzake wengi hawakujua kama anaitwa Ashrafu. Kutoka kwenye kichochoro kilicho mkabala na msikiti mtu aliita, "Mwaija!" Sauti ilikuwa nyembamba, inatetemeka kama ya mbuzi. Ashrafu akaitika "Naam!" kama anavyoitikia abiria wote, akaingia na bajaji yake. Watu wakasikia bati likikunjwa. Waliokimbilia mle waliikuta bajaji imesokotwa kama karatasi ya karanga na mwenyewe yumo ndani, mfupa wa paja umetokeza kupitia kwenye kiti, na ilibidi aitwe fundi na msumeno wa chuma kumtoa. Alikata roho kabla ya alasiri. Mdomoni mwake hamkuwa na ulimi, na kichochoro kizima kilinukia waridi.

Sihaba alikuwapo kwenye kundi lile na beseni lake kichwani. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, maana chupa ya marashi yale aliinunua yeye mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Mumewe, Kibwana, ni askari wa hifadhi kule Saadani, na kwa kuwa mwanamume akikaa mbali haachi kujitafutia upweke wa watu wawili, alioa mke wa pili hukohuko. Habari zilimfikia Sihaba sokoni, kupitia midomo ya watu, na mke mwenyewe jina lake Mwaija. Sihaba alitabasamu mbele za watu. Kisha akafunga ubani na chupa ya marashi kwenye kanga, akaenda kwenye pango la mzimu anamokaa jini, nyuma ya mikoko, linalotunzwa na Bi Mize. Alikuwa na hasira ya kutoona mbele. Hata kabla Bi Mize hajaweka kaa kwenye chetezo, yeye alishainama kwenye tundu la pango, akamwaga marashi yote, akasema, "Mchukue Mwaija."

"Mwaija binti nani?" Bi Mize aliuliza kwa kushtuka. Watu wa pwani hata mtoto anajua kwamba huko mtu hatajwi jina tupu, hutajwa na la mama yake.

"Simjui mama yake wala sitaki kumjua. Jini wako anayaona yaliyomo moyoni mwangu."

"Haoni kitu, mwanangu. Yeye husikia tu," Bi Mize alisema, na tangu hapo hakutaka hata kumtazama.

Sasa jioni ile ya kifo cha Ashrafu Sihaba alirudi kwa Bi Mize akikimbia, akamkuta anafagia mlango wa pango kana kwamba alikuwa anamngoja.

"Nimekuja kulitengua neno langu, bibi."

"Halitenguki. Ataita kila mwenye jina hilo, kila siku wakati wa jua la utosini, na atamwita kwa sauti ya yule aliyemchukua mwisho. Anayeitika ndiye wake. Akishapata mmoja, siku hiyo haiti tena." Bi Mize aliusimamisha ufagio. "Kaniletee jina la mama yake huyo unayemtaka, nimfunge kwake peke yake. La sivyo atawamaliza wote. Nyumbani kwako hakuna Mwaija?"

Sihaba alikuwa nao wawili. Mama mkwe wake, anayeishi naye, ndiye Mwaija wa kwanza. Wa pili ni binti yake wa pekee, aliyepewa jina la bibi yake siku ya akika. Lakini mke mwenye adabu hatamki jina la mkwewe, ndiyo maana miaka yote Sihaba alimwita mwanawe Bibi, na bibi mtu naye akimwita Somo, mpaka lile jina la akika likawa kama nguo ya Idi, liko kabatini na halivaliwi.

Alirudi kwa miguu, na njia nzima ilimsomea jina lile. Mwaija Saluni. Genge la Mama Mwaija. Ngalawa ya Mwaija, imepakiwa kwenye kigari cha kirikuu kwenda kwa fundi, ubavu wake umepasuliwa vipande adhuhuri ya juzi mbao zake zilipolia kama zinaitika, na mwenyewe hajui kwa nini. Watoto wa madrasa wakitoka chuoni, mmoja akamwita mwenzake, "We Mwaija, ningoje!" na kitoto chenye baibui dogo kikageuka na kuitika kwa furaha. Sihaba aliziba masikio yake, akaanza kukimbia.

Usiku ule alimpigia Kibwana. Alijitahidi kulainisha sauti.

"Nataka kumwombea dua mwenzangu. Mama yake anaitwa nani?"

Kibwana alijibu kwa tahadhari, kama mwanamume aliyezoea kugombezwa. "Mama yake ni marehemu," alisema. "Sikukwambia kwa kuwa niliona utadhani nakutania. Alikuwa somo yako. Aliitwa Sihaba."

Simu ilimponyoka. Mwaija binti Sihaba. Mwanawe alikuwa amelala pale mkekani, amefumba ngumi, ana miaka saba, na hakuna namna ya kumfungia jini yule wa Saadani bila kumfungia huyu.

Asubuhi akawaketisha wote wawili. "Bibi," alimwambia mwanawe, "mtu akikuita Mwaija, usiitike. Hata akiwa nani."

"Lakini bibi kasema nisipoitika abee sina adabu."

"Leo usiwe na adabu." Kisha akamgeukia mkwewe, macho yakiwa chini. "Na wewe mama, nakuomba. Ukisikia unaitwa jina lako, nyamaza."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. "Nani wa kuniita jina langu, mwanangu? Wote walioweza kuniita hivyo wameshazikwa."

Adhuhuri ilipofika Sihaba alifunga milango na madirisha, akamkumbatia mtoto chumbani, amemziba mdomo. Bibi kizee alikuwa amejinyoosha kitandani kwake chumba cha pili, kausingizi kamempitia. Harufu ya waridi ikaanza kupenya chini ya mlango, ikawa nzito mpaka koo likawasha. Kisha ikaja sauti ya kijana, ya Ashrafu aliyezikwa jana, ikaita taratibu, "Mwaija." Na mtu anayetoka usingizini huitika kabla hajajua anaitwa na nani.

"Abee," alisema mama mkwe.

Sihaba alisikia kitanda kikiburutwa. Alisikia mwili ukipigwa ukutani, ukapigwa tena, ukapigwa dari, na kati ya vishindo hivyo alimsikia yule mama aliyemfundisha kuumua vitumbua na kumkanda mgongo alipojifungua akijaribu kutamka shahada na ikimkatikia njiani, na yeye hakwenda, Mungu amsamehe, hakwenda, alikaa palepale amemkandamiza mwanawe kifuani mpaka mtoto akawa hapumui vizuri, akihesabu makosa yake badala ya kusimama, mpaka kukawa kimya na kitu kikaanza kudondoka kutoka darini, tone baada ya tone, kwenye sakafu ya saruji. Alipofungua mlango ule, taya la mkwewe lilikuwa limeng'olewa upande mmoja, na feni ilizunguka polepole ikirusha damu kwenye kuta zote.

Walimzika jioni. Walimu walisoma nyumba nzima, harufu ikatoweka kwa heshima ya kisomo, na walipovaa viatu vyao kuondoka ikarudi.

Kesho yake nyumba ilijaa wanawake wa matanga. Sihaba alidhani watu wengi ni ngao. Adhana ilikuwa bado haijaisha vizuri, wanawake wamekaa mikekani, mtoto kalala mapajani mwa mama yake, na kutoka chumba cha marehemu ikasikika sauti ambayo wote waliijua, ile ya kukwaruza, yenye mapenzi, ikiita, "Mwaija. Somo yangu."

Wanawake wakaganda. Mtoto akainua kichwa. Bibi yake alikuwa anamwita, na hakuna siku bibi alimwita asiitike. Alivuta pumzi, midomo ikaachana, na Sihaba akamwahi.

"Abee!" alipiga kelele yeye. "Abee, nipo hapa!"

Kitu kisichoonekana kilimpiga kifuani kikamlaza chali katikati ya wale wanawake. Kidole cha moto kikaingia mdomoni mwake, kikafuatiwa na kingine, vikapita juu ya meno na kuyavunja ya mbele, vikatafuta mzizi wa ulimi vikaukamata, na Sihaba, macho yametoka, kucha zake zikikwangua mkeka, akausikia ukichanika polepole kama kitambaa kipya kinachochanwa na muuza duka, akausikia ukitoka, na damu yake mwenyewe ikamjaa kooni mpaka akawa anazama nchi kavu. Waliokuwapo waliuona ulimi ukielea hewani. Kisha haukuonekana tena.

Hakufa. Labda ni kwa kuwa jina aliloliitikia halikuwa lake, jini akachukua neno akaacha mwili. Alilala hospitali, na kwa siku zote hizo hakuna aliyeitwa Dunda nzima, mbuzi wala mtu. Watu wakasema limekwisha, ila Sihaba hakuamini.

Alipoletwa nyumbani, Kibwana alikuwa amekuja, na amekuja na mkewe wa Saadani. Sihaba alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa msichana mwembamba, tumbo lake kubwa limeshuka, mikono ina makovu ya kukausha samaki. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Najua hunipendi, na mimi sikulaumu. Lakini una jina la marehemu mama yangu. Niruhusu nikuuguze."

Akamuuguza. Alimnywesha uji kwa kijiko kidogo, akimfuta kidevu bila kukunja uso, akamsuka nywele, akamfulia hata nguo zile ambazo mtu hufua mwenyewe. Usiku alilala chini mlangoni na mtoto amemlalia tumboni, akisikiliza mdogo wake anavyopiga mateke. Sihaba alimtaka afe, na sasa akagundua kwamba hataki. Alimpenda, ndiyo hali yenyewe, na aibu yake ilikuwa kubwa kuliko kidonda chake.

Kila siku alichukua simu, akaandika, Ukiitwa Mwaija usiitike. Kisha akafuta. Maana akishaonyeshwa maneno hayo ataulizia sababu, na ikishajulikana sababu, Kibwana atajua nani alimuua mama yake. Nitamwonyesha kesho, alijiambia. Na kesho ikifika akajipa kesho nyingine.

Siku moja aliamua. Alikaa kwenye baraza ya uani na mtoto wake, akaandika yote kuanzia pangoni, akaapa kwamba mwenzake akimaliza kukoroga uji atampa simu aisome. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa. Mwenzake alikuwa ameinamia moto huku akiimba kwa sauti ya chini, mgongo kaupa baraza. Ndipo waridi lilipoanza kunukia, kwanza kidogo kama linatoka kwenye uji.

"Mwaija," sauti iliita kutoka nyuma ya ukuta wa jiko.

Ilikuwa sauti yake Sihaba. Ileile ya kuuzia vitumbua alfajiri, laini, ya mama anayewaita watu wake waje kula.

Alimrukia mtoto, akamziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mtoto alikuwa na hamu ya sauti ile siku nyingi mno. Alimng'ata mama yake kiganjani, meno yakazama mpaka kwenye mfupa, akipigania nafasi ya kuitika, na Sihaba akajua kwamba akiuachia mkono mmoja tu, kurusha simu, kupiga bati, kufanya lolote, mtoto ataitika. Alifungua mdomo wake mtupu kumwelekea yule mwanamke pale motoni. Ukatoka upepo.

"Mwaija," iliita tena sauti yake.

Yule mwanamke wa Saadani alinyanyuka polepole, mwiko mkononi, machozi yamemjaa. Kwake ulikuwa muujiza: bi mkubwa amepona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwita kwa jina lake. Alijifuta mikono kwenye kanga, akashika tumbo lake, akaanza kwenda nyuma ya jiko.

"Abee, dada," aliitika. "Nakuja."